Salamu za Alhamisi

Ratiba mpya ilibandikwa kwenye mlango wa friji siku ya Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo Baba alikwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, akamsubiri muuza mayai. Alikaa mpaka jua likamhamisha. Muuza mayai hakuja. Baba akaingia ndani, akanywa maji, hakuuliza kitu.

Jumapili akaosha trei za kuokea ambazo zilikuwa safi.

Binti yake alimwona siku zote mbili. Akasema moyoni, ni huzuni hiyo. Mtu aliyefiwa na mke hufanya mambo ambayo hayana kichwa wala miguu, mwache. Akamwacha. Alikuwa na kazi zake.

Binti huyo mtaani wanamwita Mwokaji. Baba yake anamwita Kitinda, maana ndiye kitindamimba, baada yake mama yake hakuzaa tena. Anaoka keki nyumbani, jikoni humohumo wanamopikia chakula cha kila siku, na keki anazooka anazipiga video na kuzirusha mtandaoni. Ukimwuliza ipi ni kazi na ipi ni tangazo la kazi, atakwambia hata yeye hajui tena. Video inaleta mteja, mteja anataka keki, keki inataka video. Kuku na yai.

Kazi ya namna hiyo bila ratiba inamla mtu. Oveni haimsubiri mwenye simu, na mwanga wa dirishani haumsubiri mwenye oveni. Ukishika simu, keki inaungua. Ukiinamia keki, jua linahama na video inatoka nyeusi kama sufuria. Kwa hiyo Kitinda aliligawa juma kama anavyogawa donge la unga. Jumatatu ananunua vitu na kupokea mayai. Jumanne anaoka asubuhi na kupiga video, halafu anaziacha keki zipoe, maana keki ya moto haipambiki, krimu inateleza. Jumatano anakata video na kuiunganisha. Alhamisi jioni, watu wanapotoka makazini, anairusha na kujibu salamu. Ijumaa anapeleka keki za wateja. Jumamosi ni maagizo makubwa. Jumapili ni kupumzika, yaani kufua, kufagia, na kuwajibu wale waliokuwa hawajajibiwa Alhamisi.

Mama yake alipokuwa hai aliitazama ratiba ile akacheka.

"Juma lako lina siku nane, mwanangu. Hiyo ya nane utaipata wapi?"

"Nitaikopa kwako, Mama."

Wakacheka wote. Kuna maneno mtu anayasema akiwa anacheka, na baadaye yanarudi kumdai.

Mama ndiye aliyekuwa akionekana kwenye video, lakini si uso. Uso alikataa. "Mimi si wa kutazamwa na watu nisiowajua," alisema. Basi ikaonekana mikono tu, pete moja, na mikono ya gauni iliyokunjwa hadi kwenye viwiko. Na sauti. Mikono inakanda, sauti inasema, "Unga hauonewi, unabembelezwa." Mikono inavunja yai, sauti inasema, "Na wewe unayetazama huku umelala, amka ukaoshe vyombo." Watu wakampenda. Wakamwita Bibi Mikono. Kitinda alikuwa anashika simu tu.

Halafu Mama akaugua. Daktari alisema nao kwa upole, na upole wa daktari ndio ubaya wenyewe. Walirudi nyumbani, Mama akaketi kwenye kochi avue viatu, na Kitinda akaingia jikoni kuchukua maji. Kabla ya kufungua friji akaitazama ratiba. Akahesabu Alhamisi zilizokuwa mbele. Alifanya hivyo kabla ya kumpelekea mama yake maji. Hakuna aliyemwona. Hilo halikumsaidia.

Wiki iliyofuata wakapiga video nyingi kwa siku moja. Mama hakuweza kusimama, akawekewa kiti kirefu mbele ya meza. Simu inaona mikono, haioni kiti. Ikiisha moja, Kitinda anafuta meza, anabadilisha bakuli, anabadilisha kitambaa ili ionekane ni siku nyingine. Halafu anasema, "Moja tena, Mama."

Baba alipita na ndoo. Akasimama mlangoni, akawatazama, akaenda zake.

Mama alifariki kukiwa na video nyingi bado hazijarushwa. Zilizokwisha kukatwa, Kitinda alikuwa amezipangia simuni zijirushe zenyewe, kila moja na Alhamisi yake. Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi, viti vya kuazima havijarudishwa kwa wenyewe, simu ikafanya ilivyoagizwa. Kitinda alikuwa chumbani amejifunika blanketi. Simu ikaanza kutetemeka juu ya godoro. Msalimie Bibi. Bibi hajambo? Mwambie mikate yangu imeumuka kwa mara ya kwanza. Kitinda alikuwa amechoka. Mtu wa kwanza akamjibu neno moja: Zimefika.

Wa pili pia. Wa tatu pia. Kidole kikazoea kabla ya moyo.

Alijiambia Alhamisi ijayo atawaambia. Alhamisi ijayo akajiambia hivyohivyo. Ni kweli video zile zilileta wateja, na nyumba ilikuwa inakula kutokana na wateja hao. Lakini hiyo ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili hakumwambia mtu. Huku nyumbani kila kitu kilisema Mama hayupo, kuanzia kanga yake iliyokunjwa mpaka kikombe chake ambacho hakuna aliyethubutu kukitumia wala kukiondoa. Kule simuni Mama alikuwa bado anakanda. Watu wasiomjua walikuwa bado wanauliza habari zake kama unavyomwuliza jirani aliyeko ng'ambo ya ua. Kitinda alipenda kuulizwa.

Ila video za mwisho zilikuwa ngumu. Mama alikuwa anahema. Neno, pumzi, neno, pumzi, na pumzi ndizo zilikuwa ndefu. Kila Jumatano Kitinda alijifungia chumbani, akaweka spika za masikioni ili Baba asisikie, akazitoa pumzi zile moja moja kwa kidole. Anavuta mstari, anakata, anaunganisha. Mama anasema tena bila kuchoka. Kuna watu humkata mwenzao kauli. Yeye alikuwa anamkata mama yake pumzi.

Sasa ilikuwa imebaki video moja.

Na Baba alikuwa amebaki ukutani. Asubuhi mpaka jioni analala ameelekea ukuta, akiamka anakunywa chai, anarudi. Kitinda akafikiri, huyu akikosa la kufanya atamfuata mwenzake. Ndipo akaandika ratiba mpya, ya Baba na yake pamoja. Baba hakuingia darasani hata siku moja, lakini miaka yote alifanya kazi ya kupasua mbao, na mpasua mbao asiyejua namba hukatwa vidole. Tarakimu anazijua vizuri. Kwa hiyo Kitinda akaandika moja mpaka saba, na mbele ya kila namba akachora picha. Moja, yai. Mbili, trei na povu la sabuni. Tano, sanduku lenye miguu.

"Sanduku lenye miguu ndiyo nini?" Baba aliuliza.

"Keki inayokwenda kwa fundi cherehani, yule wa mtaa wa pili. Wewe ndiye utakayeipeleka. Nyumba yake si unaijua?"

"Naijua. Mbona miguu imepinda?"

"Ni yako, Baba."

Baba akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini Kitinda alikisikia, na siku nzima alifanya kazi akiwa mwepesi. Alimweleza kila picha. Hakumweleza jambo moja tu, moja ni siku gani. Nani angefikiri kulieleza hilo?

Ikaja Jumatano. Kitinda alijifungia na video ya mwisho. Ilikuwa na pumzi nyingi kuliko maneno. Hakujua aanze wapi. Alipovua spika na kutoka, jua lilikuwa limekwisha kuvuka jiko. Mlango wa friji haukufungwa vizuri. Ndani, mahali palipokuwa na keki ya fundi, iliyookwa jana na bado haijapakwa hata kijiko cha krimu, palikuwa patupu.

Simu ikaita. Alikuwa fundi cherehani mwenyewe.

"Dada, habari za kazi?"

"Nzuri, dada. Za huko?"

"Nzuri. Keki nimeipokea. Ila ina kipara."

"Ina nini?"

"Kipara, dada. Haina hata unywele mmoja." Fundi alikuwa anacheka. "Mama yangu anasema labda ndiyo mtindo mpya, tusikuseme, tutaonekana washamba."

"Jamani. Nisamehe, dada. Yako ni ya Ijumaa."

"Na mimi nilijua ni ya Ijumaa. Lakini mzee amefika hapa na shati la kutokea, ameibeba kwa mikono miwili kama amebeba mtoto mchanga. Ningemrudisha vipi? Usijali, utakuja kuipamba. Tena nashukuru amekuja leo. Ijumaa nakuwa madukani kununua vitambaa, angemkuta msaidizi tu, angeacha mzigo akaondoka. Leo amekaa na Mama."

Kitinda akausukuma mlango wa friji ukafunga.

"Mama aliposikia ndiye mume wa Bibi Mikono, hakumwachia. Unajua Alhamisi jioni hapa simu si yangu. Ni yake na Bibi Mikono wake. Basi amemwuliza, Bibi hajambo? Mzee akasema hajambo. Mama kafurahi hata maumivu ya magoti kayasahau. Akamwomba jambo moja. Keki si ya siku yake ya kuzaliwa? Akasema, mwambie Bibi anitumie neno moja tu kwenye video, anitaje. Mzee akasema atafikisha. Dada, uko hapo?"

"Niko."

"Mwambie Bibi tunamsalimu sana."

Kidogo Kitinda aseme zimefika. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Akasema, "Haya, dada," akakata simu.

Maji yalikuwa yanamwagika nyuma ya nyumba. Baba alikuwa amerudi kupitia uani. Alikuwa amechuchumaa karibu na bomba, bado ana shati la kutokea, anasugua trei. Kitinda akasimama mlangoni. Akaanza na keki, maana keki ilikuwa nyepesi.

"Baba, ile keki ilikuwa ya Ijumaa."

"Uliandika tano."

"Ndiyo, tano. Ijumaa."

Baba akamtazama kama anavyomtazama mtu aliyeshika msumeno kichwa chini. "Jumamosi, mosi. Jumapili, pili. Jumatatu, tatu. Jumanne, nne. Jumatano, tano. Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Basi."

"Lakini kwenye simu wiki inaanza Jumatatu, Baba."

"Simu haikuzaa siku. Siku zilikuwapo na majina yake." Akasugua kidogo. "Jumamosi nilimsubiri mtu wa mayai nusu ya kutwa. Nikadhani umekosana naye."

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Mama angekuwepo, angeisimulia video nzima. Maji yaliendelea kumwagika. Baba akafunga bomba.

"Yule bibi kaniuliza, mke wako hajambo? Nikasema hajambo."

"Baba..."

"Ulimi umezoea. Mtu akikuuliza, unasema hajambo kwanza, ndipo unasema ila. Hata aliyevunjika mguu husema mzima, ila mguu. Nikasema hajambo, nikawa naitafuta ila. Yeye akachukua simu akanionyesha. Namwona mke wangu anakanda. Nasikia ananiambia niamke nikaoshe vyombo." Akajigusa koo. "Ila ikanikwama hapa."

Kitinda akakaa kwenye kizingiti.

"Wanaambiwa hajambo tangu lini?"

"Tangu viti vya watu havijarudi."

"Mimi nilijua wanatazama za zamani. Kama mtu anavyotazama picha."

"Wao hawajui ni za zamani."

"Wakituma salamu, wewe unajibu nini?"

"Nawajibu zimefika."

Baba akaiegemeza trei ukutani, ikateleza, akaiegemeza tena.

"Zimefika wapi?"

Hakufoka. Angefoka, Kitinda angepata kitu cha kushika. Angesema nyumba inakula nini, angesema umeme unalipwa na nani, angelia kwa hasira, na hasira ni joto. Hili lilikuwa baridi. Zimefika wapi?

"Siku ile ya video nyingi," alisema baadaye, "ulipita na ndoo. Ulituona."

"Niliwaona."

"Mbona hukunikataza?"

"Mama yako alikuwa anacheka." Baba akaitazama mikono yake iliyolowa. "Kila siku nawaza kama ningesema. Halafu nawaza kicheko chake. Sijui."

Kuku wa jirani alivuka uani, akawatazama mmoja mmoja, akaondoka.

"Kesho nitawaambia," Kitinda alisema. "Alhamisi wote wanakuwapo. Nitawaambia wote kwa pamoja."

"Hao wako mimi siwajui. Mimi nimemdanganya mtu mmoja. Namjua sura, najua na kiti alichokalia. Tuanze kwake."

"Kesho siyo siku ya kupeleka."

Alilisema bila kufikiri, ratiba ndiyo iliyosema. Kitinda alitamani alimeze tena.

Alhamisi walikwenda pamoja. Kitinda alibeba mfuko wa krimu na sahani kubwa, ile nyeupe ya Mama ya kuwekea wageni. Baba hakubeba kitu. Njiani, kwenye mtaro, Baba alimpa mkono avuke, kama alikuwa bado mtoto.

Kwa fundi cherehani chumba cha mbele ndicho karakana. Mashine dirishani, vitambaa vimening'inia, vipande vya nguo sakafuni. Mama yake fundi alikuwa kwenye kiti chenye mito, simu ya binti yake iko mapajani tangu asubuhi ingawa video hurushwa jioni. Keki yenye kipara ilikuwa mezani imefunikwa kawa.

"Mume wa Bibi Mikono," alisema bibi, "umenogewa na chai ya jana? Na huyu?"

"Mwanangu."

"Ndiye mshika simu. Njoo nikuone. Mbona mkono wako hautulii, binti? Wakati mwingine bakuli linatikisika, mtu anapata kizunguzungu."

"Nitajitahidi, Bibi."

"Jitahidi. Kaeni."

Baba hakukaa. Alivua kofia.

"Jana uliniuliza mke wangu hajambo."

"Nilikuuliza."

"Nikasema hajambo."

"Ulisema."

"Ila ametutoka."

Mashine ya fundi ilisimama katikati ya mshono. Bibi alimtazama Baba, akamtazama Kitinda, akaitazama simu. Akaigeuza, uso chini.

"Lini?"

Baba akamwambia. Bibi akawa anarudi nyuma, Alhamisi baada ya Alhamisi, midomo ikichezacheza. Kisha akamgeukia Kitinda.

"Mimi nimekuwa nikimsalimia. Mwanangu ananiandikia, mimi nasema. Nilimweleza habari ya magoti yangu."

"Nilisoma, Bibi."

"Nikajibiwa pole. Bibi anakupa pole. Nani alinipa pole?"

"Mimi."

"Pole ya wizi."

"Mama, jamani," fundi alisema.

"Niache. Aliyeibiwa haambiwi anyamaze." Hakupandisha sauti. "Mimi hapa sina mwenzangu wa rika langu. Wote wamekwisha. Nilisema, yupo mmoja, tunaumwa pamoja, tunacheka pamoja. Kumbe nazungumza na mtoto aliyeshika simu."

Kitinda alikuwa amejiandalia maneno tangu jana. Yote yalikuwa ya kujitetea, akayaona yalivyo. Akasema, "Nisamehe, Bibi."

"Nitaona."

Fundi alileta chai. Hakuna aliyeigusa. Kitinda akafunua keki, akaihamishia kwenye sahani nyeupe, akaanza kuipamba, kwa kuwa mikono ilihitaji pa kwenda. Ndipo bibi akauliza, bila kumtazama:

"Hayo ya kurusha yamekwisha?"

"Imebaki moja."

"Nionyeshe."

"Haijawa tayari. Kuna vitu sijavitoa."

"Nionyeshe ilivyo. Umenipa mtu, hukuniambia ameondoka. Angalau nimuage."

Kitinda akafuta mikono. Akaitafuta video simuni mwake, akamwekea bibi mapajani. Baba akasogea, akasimama nyuma ya kiti.

Ilianza kabla ya mwanzo. Meza tupu, kitambaa kinatandazwa, na sauti ya Kitinda mwenyewe, safi kabisa: "Moja tena, Mama." Kisha pumzi. Ndefu, nyingine, nyingine tena. Kisha Mama: "Haya. Moja tena. Ila vyombo utaosha wewe." Kicheko chake kikakatika katikati kwa kukosa hewa, kikaanza tena. Mikono ikaingia kwenye unga. Pete ilikuwa inazunguka kidoleni kama ya mtu mwingine. Mikono inakanda, inapumzika, inakanda. Hakuna neno la mapishi. Pumzi tu, na unga ukigongwa mezani.

Kitinda alitaka kutazama sakafu. Akajilazimisha kutazama mikono.

Ilipoisha bibi alikuwa bado anakitazama kioo.

"Alikuwa amechoka," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

Bibi hakusema si kitu. Hakusema mama yako alikupenda, wala usijilaumu, yale ambayo watu husema ili waondoke. Alipangusa kioo cha simu kwa ncha ya kanga, akamrudishia.

"Keki iacheni. Sahani utakuja kuichukua kesho. Wewe mwenyewe, usimtume mzee."

Jioni, saa ya Alhamisi ilipofika, Kitinda alikaa mezani jikoni na simu. Baba alikaa ng'ambo. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye mstari wa kukata.

"Usikate," Baba alisema.

"Watasikia, Baba."

"Wasikie. Ndivyo alivyokuwa."

"Watanisikia na mimi."

"Ndivyo ulivyokuwa."

Akairusha nzima. Chini yake akaandika kwamba Bibi Mikono alikuwa amefariki, na lini. Akaandika kwamba tangu siku hiyo aliyekuwa anajibu ni binti yake. Halafu akakwama. Alifuta, akaandika, akafuta. Mwisho akaandika alivyoweza: Salamu zenu hazikumkuta.

Majibu yalianza kuingia. Wengi walisema pole. Wengine walisema maneno ambayo hayafai kurudiwa mbele ya mzee, na mmoja aliyekuwa ameagiza keki ya harusi akasema hataki tena kitu kutoka jiko lile. Kitinda alikuwa anasoma kimya.

"Soma kwa sauti," Baba alisema.

"Mengine mabaya."

"Soma na hayo."

Akasoma. Baba alisikiliza yote, mazuri na mabaya, kama anavyosikiliza mbao zikihesabiwa. Kila aliyemsalimu Bibi, Kitinda akawa anamjibu kwa jina lake mwenyewe, si la Bibi. Kidole kilikuwa kizito.

Ijumaa alikwenda kuchukua sahani. Bibi alimpa mwenyewe. Haikuoshwa. Krimu ilikuwa imekauka pembeni na makombo yameganda, na mtu mzima hamrudishii mwenzake sahani chafu ila kwa makusudi. Kitinda aliielewa. Akasema asante.

"Magoti yanaendeleaje, Bibi?"

"Yanauma. Alhamisi ukipita nitakwambia zaidi."

Jumamosi akabandika ratiba nyingine. Safari hii moja ilikuwa Jumamosi, na muuza mayai aliambiwa hivyo. Tano ilikuwa Jumatano. Baba alipitisha kidole namba kwa namba, akafika sita.

"Hii haina picha."

"Ni Alhamisi. Sijui nichore nini."

Baba akafikiri.

"Mama yako alisema vyombo utaosha wewe."

Akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi. Kitinda akaichukua ile sahani nyeupe kutoka kwenye beseni, ambamo ilikuwa imelala tangu jana, akafungulia maji, akaanza kuisugua. Krimu iliyokauka haitoki haraka. Nje muuza mayai alikuwa anapiga hodi, na Baba anamwambia amechelewa.